Koti la Abner Halizikwi

— Lete hilo koti, Kemuma. Kaburi liko tayari.

Mogaka alisimama mlangoni, udongo mwekundu umemganda miguuni. Ilikuwa Jumanne, mwaka 1971, siku ya nne tangu ndege ya abiria kutoka Nairobi itoweke angani bila kuacha dalili. Jina la mdogo wake Abner, fundi wa ndege, lilisomwa redioni miongoni mwa waliopotea. Mwili haukupatikana, basi jamaa zake kijijini Ekerenyo waliamua kuzika koti lake.

— Silitoi, shemeji.

— Wazee wamekwisha kusema. Baada ya maziko, nyumba hii itakuwa chini yangu, na wewe pia.

Kemuma, mke wa Abner, akalikumbatia koti.

— Ndege iliruka Ijumaa saa moja na nusu usiku. Abner hasafiri Sabato ikishaingia. Mnamjua!

— Hata Waadventista hufa, mama.

Michai ya nyuma ya nyumba ikatikisika. Wachimbaji walitupa majembe, wakakimbia. Abner alitokea, hai, macho mekundu.

— Ni mimi. Msinikimbie.

— Siku nne, Abner! Ulikuwa wapi?

— Nyamache, kwa mjomba. Naogopa, mke wangu. Wachunguzi wataniuliza.

— Watakuuliza nini?

— Ndege ilichelewa. Jua likatua, nikamwambia mkuu wangu kwamba Sabato imeingia, nikashuka. Jina langu likabaki kwenye orodha.

— Hilo si kosa.

— Mchana nilikuwa nimesikia redio ya rubani ikikatika. Hilo sikumwambia mkuu wangu. Wiki iliyotangulia alinifokea mbele ya watu kwa kuchelewesha ndege. Sijui kama redio ndiyo iliyowapoteza, hakuna ajuaye. Lakini nilisikia, nikanyamaza.

Kemuma alirudi nyuma hatua moja.

— Kwa Sabato ulikuwa na kinywa. Kwa watu wale ulikuwa bubu?

Abner akalia.

— Ukinifukuza, sitakulaumu.

— Ndege nyingine zinaruka leo, na fundi mwingine anaogopa kufokewa. Utakwenda kwa wachunguzi, useme yote, uandike na jina lako.

— Watanifunga!

— Nitakuletea chakula.

Mogaka alikohoa.

— Na kaburi? Haliachwi wazi bila kitu.

— Kata mgomba, shemeji, uuzike badala ya mtu, kama desturi.

Kemuma alilikung'uta koti, akamvika mumewe, akafunga vifungo kimoja kimoja. Wakashika njia ya basi pamoja, na nyuma yao udongo ukaanza kuangukia mgomba.