Ndugu wa Kusema

Asubuhi. Chumba cha kufulia.

Shoka alichovya kidole kwenye povu la sabuni, akachora juu ya bati. Mstari, korido. Duara, ofisi ya Matroni. Nukta, droo yenye ufunguo wa geti.

"Akitoka kugawa dawa, tunaingia. Bisibisi anafungua droo. Kimya, wewe mlangoni. Ukiona mtu, kohoa."

"Na kikinishika kikohozi cha kweli?" Kimya aliuliza.

"Kimeze. Kumeza unakujua."

Bisibisi alicheka. Kimya hakucheka.

Hakuna aliyejua alifikaje humo. Kila mmoja aliamka siku yake ndani ya ukuta mrefu, bila jina, bila mama. Kila adhuhuri walinyweshwa dawa chungu, na kile walichoanza kukumbuka kikayeyuka. Shoka na Bisibisi walikuwa wameacha kuimeza. Waliificha shavuni, wakaitema kwenye beseni; Kimya bado aliimeza. Vidole vya Bisibisi vikaanza kukumbuka kufuli. Shoka alikumbuka sala moja tu. Hakujua aliyemfundisha, lakini ulimi uliijua njia.

Aliisali sasa, kwa sauti ya chini.

"Amina," alisema Bisibisi. "Na Mungu aangalie pembeni kidogo, tunaiba."

"Hatuibi. Tunajirudisha kwa wenyewe."

Saa sita kasoro. Korido tupu.

Waliingia. Bisibisi alipiga goti, waya mkononi. Jasho likamdondoka puani. Waya ukazunguka, ukakwama, ukazunguka tena. Droo ikafunguka.

Haikuwa na kitu.

Mlango ukafungwa nyuma yao. Matroni alisimama hapo na walinzi wawili, kashika sinia lenye vikombe viwili vilivyojaa mpaka ukingoni.

"Karibuni, wanangu. Leo mnakunywa mbele yangu."

Kimya alikuwa nyuma ya walinzi. Hakuna aliyemshika.

"We mshenzi," Bisibisi alisema. "Mbona hukukohoa?"

"Matroni ameniahidi ndugu yangu. Yumo humu. Atanionyesha."

"Na sisi? Si ulituita ndugu?"

"Nyinyi ndugu wa kusema. Huyo ni wa tumbo moja."

Mlinzi alimpiga Bisibisi rungu la mgongo. Akaanguka. Wakambana pua, akameza. Jicho lake likalegea kama taa inayoishiwa mafuta.

Shoka hakusubiri kubanwa. Alianza sala yake. Alifika katikati, kikombe kikamfikia mdomoni. Alipomaliza kunywa, midomo ilicheza kidogo, ikitafuta neno lililofuata. Haikulipata.

Kimya alimvuta Matroni mkono. "Nimekupa ulichotaka. Niambie sasa. Ni nani?"

Matroni alifuta vikombe kwa aproni, taratibu, kimoja baada ya kingine. Kisha akaonyesha kwa kidevu.

"Si ndiye huyo hapo."

Kimya alimtazama Shoka. Pua ile. Nyusi zile zilizokaribia kuungana. Alijipapasa zake.

"Dada!" alilia. "Dada!"

Shoka aligeuka nyuma, aone ni nani anayeitwa.