Kidonda Kisichouma

Kila mchana Anatolia alipika ndizi na maharage. Alipeleka sahani ya mama yake kwenye kibanda kilichokuwa mwisho wa kibanja chao cha migomba. Aliiweka chini, akarudi nyumbani haraka.

Mama yake, Theopista, alikula peke yake.

Zamani alilima na wenzake shamba la kijiji cha ujamaa, huko Muleba. Jioni alishuka bondeni kwenye maji, akakata mafunjo ya kusukia mikeka. Siku moja aliona uvimbe mdogo mkononi. Haukuuma, naye hakuujali. Baadaye ulipasuka, ukawa kidonda kipana.

Watu wakaanza kunong'ona. "Ni ukoma," walisema wengine. "Amerogwa," walisema wengine.

Alikwenda hospitali mjini Bukoba. Walichukua usaha, wakaupima. Aliporudi, mumewe Ildefons alimuuliza:

"Wameona nini?"

"Wanasema waliuweka usaha kwenye chupa, hakuna kilichoota."

"Basi huu si ugonjwa wa hospitali," alisema Ildefons kwa sauti ndogo. Wiki ile akamjengea mkewe kibanda. Aliogopa, na alikuwa na huzuni pia. Wakati wa kujenga hakumtazama usoni.

Kidonda kiliendelea kula ngozi. Theopista akaamua kurudi Bukoba. Ndani ya basi, mwanamke aliyekaa naye aliuona mkono, akahama kiti.

Hospitalini alipimwa tena na Aroni, mpimaji wa maabara. Aroni alivuta kiti, akakaa karibu naye. Theopista alishtuka. Ulikuwa umepita muda mrefu bila mtu kukaa karibu naye hivyo.

"Ma Theopista, tumepima. Si ukoma," alisema Aroni.

"Basi ni uchawi, waitu, ndugu yangu?"

"Hapana. Nadhani ni vijidudu vya huko bondeni kwenye maji. Ni vidogo mno, macho hayavioni. Ili tuvijue, tunavilisha hapa maabara mpaka viongezeke."

"Mara ya kwanza havikuota."

"Tuliviweka kwenye kabati lenye joto la mwili wa mtu. Vijidudu vingi hulipenda joto hilo. Hivi vinataka joto pungufu kidogo. Ndiyo maana hukaa kwenye ngozi, ambako kuna ubaridi. Tena vinaota polepole sana. Tuliitupa ile chupa mapema mno."

"Sasa mtafanya nini?"

"Tutaanza upya. Tutavipa chakula cha mayai, tupunguze joto, tusubiri. Wewe ukae hapa, kidonda kisafishwe kila siku."

Theopista alilazwa chumba cha pembeni. Wagonjwa wengine waliletewa chakula na ndugu zao. Yeye hakuna aliyemtembelea. Kila Jumapili alisikia kengele ya kanisa, akasali peke yake kitandani. Mara nyingine Aroni alipita.

"Bado?" aliuliza Theopista.

"Bado."

Miezi ikapita. Asubuhi moja Aroni aliingia na chupa ndogo iliyofungwa vizuri. Ndani, juu ya kile chakula cha mayai kilichotiwa rangi ya kijani, palikuwa na punje za manjano.

Theopista alizitazama kwa muda mrefu.

"Hizi ndizo zilizonitoa nyumbani kwangu?"

"Ndizo. Hazikutumwa na mtu. Na kwa kawaida mgonjwa hamwambukizi mwenzake. Unaweza kula na watoto wako."

Ndipo Theopista akalia.

Daktari alimwita Ildefons, akamweleza yote. Ildefons alikwenda chumba cha pembeni, akasimama mlangoni.

"Mama Anatolia, nisamehe. Niliogopa."

"Ingia," alisema Theopista. "Kaa."

Daktari alikata nyama yote iliyoharibika, akaziba pengo kwa ngozi ya pajani. Kidonda kilipona. Lakini kiwiko hakikunyooka tena, kwa sababu ugonjwa ulikaa muda mrefu bila kutibiwa.

Theopista alirudi nyumbani kwake. Hata hivyo majirani walichelewa kumzoea. Wengi walimsalimu kwa mbali.

Kisha siku moja jirani yake Georgina alikuja mlangoni. Tangu ugonjwa uanze hakuwahi kufika. Alipandisha gauni kidogo, akaonyesha uvimbe mguuni.

"Hauumi," alisema. "Nifanye nini?"

"Hata wangu haukuuma," alijibu Theopista. "Usingoje upasuke. Ukiwa mdogo hivi, hukatwa upesi, mguu ukabaki mzima."

Georgina aliinamisha kichwa. "Naogopa kwenda peke yangu."

Theopista alichukua kanga yake, akajifunga.

"Huendi peke yako," alisema. "Twende."