Kidole Kimoja Juu ya Usukani

Gari lilikata kona tatu mfululizo bila mkono wa mtu, likapenya kati ya kuta mbili za mawe, na Mhandisi Kokushubila akajizuia asipige vigelegele. Mwaka ulikuwa 2081, na hilo lilikuwa jiendeshe la kwanza kutoka Tanzania kujaribiwa Ireland. Likifika mjini kabla ya saa nne asubuhi bila kuguswa usukani, litapata kibali. Likishindwa, miaka kumi na miwili ya kulilea kwenye karakana ya Dodoma imekwenda na maji.

Pembeni yake aliketi mkaguzi, Bwana Fintan, mzee mwenye mashavu mekundu. Waliongea kwa kikalimani, kifaa cha sikioni kinachotafsiri papo hapo.

"Kibao kinasema themanini!" Kokushubila alishangaa. "Kwenye kijia kilichoota majani katikati?"

"Themanini ni ruhusa, Mhandisi, si amri. Ukiifikisha hapa, tutakuzika Jumamosi."

Jiendeshe lilikuwa likienda hamsini kwa adabu zake. Mara wakapishana na gari dogo, na dereva wake akainua kidole kimoja juu ya usukani. Jiendeshe likashuka hadi thelathini.

"Mama, tumepewa ishara," likasema. "Kuna tochi mbele."

Hapakuwa na kitu mbele ila kondoo. Dereva wa pili akainua kidole, mwendo ukawa ishirini. Wa tatu, kumi. Mtawa mmoja wa makamo akawapita kwa baiskeli, naye akainua chake.

"Mama, hali ni mbaya. Leo wamejaa."

"Tochi ndiyo nini?" aliuliza Bwana Fintan.

Kokushubila aliona aibu. Ilibidi aeleze kwamba kwao trafiki hujificha kichakani na kipima mwendo, na madereva hutonyana kwa taa au kwa mkono. Jiendeshe lilifundishwa kwa kuwatazama madereva hao, likabeba mazuri na mabaya yao.

Mkaguzi alicheka mpaka akafuta machozi. "Wanakusalimu tu! Hapa ukipishana na mtu unamwinulia kidole, umjue usimjue."

"Umesikia?" Kokushubila aliliambia gari. "Ni salamu."

"Salamu," lilirudia jiendeshe, kisha likachanganya mwendo.

Zilipobaki dakika sita, trekta likaziba njia. Mwanamke aliyeliendesha akainua kidole, akatulia. Jiendeshe nalo likatulia, kwa kuwa sheria haikusema nani arudi nyuma. Dakika mbili zikapita, Kokushubila akatazama saa.

"Anangoja nini huyu?"

"Aitikiwe," alisema Bwana Fintan.

Kokushubila akainua kidole. Yule mama akatabasamu, akarudisha trekta lake nyuma mpaka kwenye lango la shamba, akawapisha.

Walifika ikibaki dakika moja. Bwana Fintan akatoa fomu. "Limefaulu. Ila umeomba lisafiri tupu, bila mtu ndani."

Hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yote ya Kokushubila, kiti kisicho na mtu. Alimwazia yule mama wa trekta akikiinulia kidole kiti kitupu, akingoja. Moyo ulimuuma, kisha akajicheka. Akachukua kalamu, akalifuta mwenyewe neno *tupu*.

"Andika abiria mmoja," alisema. "Asiwe mvivu wa kuitikia."