Mpini wa Mama Sabaha

Kila siku baada ya swala ya alasiri, mlio hutoka uani kwa Mzee Hafidhi. Ko. Ko. Ko. Ni panga linapasua makongoro juu ya gogo la mkwaju. Makongoro ni miguu ya ng'ombe, na ya leo ni supu ya kesho asubuhi.

Nyumba yake ni ya chini, ya kizamani, yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Iko Kariakoo, katikati ya maghorofa mawili, kama mtu mfupi aliyebanwa na warefu kwenye foleni. Majirani wa zamani waliuza viwanja vyao wakahama. Kwenye maghorofa yale hakai mtu. Mnakaa viatu, mabegi na vitenge. Maduka yakifungwa, mtaa hubakia wa paka.

Asubuhi ndipo Mzee Hafidhi anapopata watu. Wapagazi wa sokoni hukaa kwenye benchi barazani kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Na ndimu?"

"Kamulia mbili, na pilipili usiionee huruma."

Sufuria ikiisha, wapagazi huenda zao. Benchi hubaki tupu. Maneno ya mchana kutwa huwa yameishia pale.

Supu ile aliianzisha mkewe, Mwanamkuu, ambaye watu wote walimwita Mama Sabaha. Hafidhi alikuwa kuli bandarini. Alipostaafu, kazi yake ilikuwa kuchochea moto na kuonja chumvi. Mama Sabaha alifariki kabla ya Ramadhani iliyopita. Sasa mgane huyu anapika mwenyewe.

Binti yao Sabaha ameolewa Tanga. Humpigia simu baba yake kila Ijumaa.

"Baba, acha hiyo supu. Njoo ukae na sisi."

"Nikija huko asubuhi nitasalimiana na nani?"

"Na sisi."

"Nyinyi asubuhi mnaenda kazini."

Sabaha huaga. Baba yake husema, "Wasalimie watoto," kisha huiweka simu juu ya kabati, karibu na kitana cha marehemu.

Panga analotumia lilikuwa la Mama Sabaha. Ni panga fupi, jepesi, lenye mpini wa mti. Alilishika miaka mingi mpaka mpini ukalika. Pale lilipokaa dole gumba lake pana kibonde kidogo, laini kama ndani ya kijiko. Siku za mwanzo za msiba, Hafidhi alikuwa akikipapasa kibonde kile.

Halafu akaingiwa na hofu. Mikono yake ni mikubwa, mikono ya kubeba magunia. Akaona ataufuta mpini na alama yake yote. Basi akachana ukanda wa khanga ya mkewe, akauviringa mpini wote. Kibonde kikafunikwa.

Shida ikaanzia hapo.

Kitambaa kilinyonya mafuta ya makongoro. Kikalowa, kikawa kinazunguka mkononi. Ili panga lisimponyoke, Hafidhi akalibana kwa nguvu zote. Na kwa kuwa panga lilikuwa jepesi, aliupiga mfupa mara nyingi. Hakulinoa, maana kazi ya kunoa ilikuwa ya mkewe. Kiganja kikatoka malengelenge. Usiku vidole vilikufa ganzi. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani?

Hata wateja waliona tofauti. Asubuhi moja mpagazi mmoja, Abdulatif, alitoa kipande cha mfupa mdomoni, akakitazama.

"Mzee, hii supu au kokoto?"

Wenzake wakacheka. Hafidhi naye akacheka, lakini moyoni haikumpendeza.

Mle nyumbani mwake, kati ya wapangaji, alikuwamo mmoja aliyekuwa akimzungumzisha. Ni Husna, mama wa makamo, fundi wa kudarizi kofia. Jioni alizoea kukaa uani kwenye kigoda chake, akichambua mchele, huku mzee akikata makongoro.

"Mzee, leo unapasua kongoro au unavunja mlango?"

"Mlango ungekuwa umeshavunjika."

"Mama Sabaha alikuwa akipiga mara mbili, tatu, basi."

"Mama Sabaha alikuwa fundi. Mimi nilikuwa kuli."

Maneno yenyewe hayakuwa makubwa. Lakini kwa Hafidhi hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo ya jioni, na aliyangoja tangu adhuhuri.

Siku moja aliinua panga juu, akalishusha kwa nguvu. Kitambaa kikazunguka. Panga likachomoka, likapita hewani, likaupiga ungo wa Husna. Mchele ukamwagika. Panga likaanguka kando ya mguu wake.

Husna aliutazama mguu wake. Akalitazama panga. Akaokota kigoda chake, akaingia ndani.

Kesho yake hakutoka. Kesho kutwa pia. Hafidhi alikata makongoro peke yake. Ko. Ko. Ko. Mlio ulipanda ukutani kwa ghorofa, ukarudi ulivyokwenda. Hapakuwa na sauti ya mtu ya kuujibu.

Mwishowe akaenda kubisha mlangoni kwa Husna.

"Hodi. Husna mwanangu, umeninunia?"

"Sijakununia, mzee. Nina miguu miwili tu, na yote naitumia." Husna akafungua mlango. "Lakini nikuambie ukweli. Wapangaji wenzangu wanaogopa. Wanasema usikatie tena uani."

"Nisipokatia uani nitakatia wapi?"

"Ndiyo nikasema nikuambie."

Hafidhi aliinamisha kichwa. Bila uani hakuna makongoro. Bila makongoro hakuna supu, na benchi halina mtu. Kilichobaki ni basi la Tanga.

"Hebu nione mkono," akasema Husna.

Mzee akaurudisha nyuma kama mtoto.

"Mzee, mficha uchi hazai. Nionyeshe."

Husna akayaona malengelenge kiganjani. "Kumbe ndiyo maana. Nenda mtaa wa Narung'ombe, muulize Mektilda. Anauza zana. Mwambie nimekutuma mimi. Beba na hilo panga, na kongoro moja. Bila kongoro atakuuliza unakata nini."

Mektilda alikuwa mwanamke wa Masasi, mpana wa mabega, mwenye kucheka upesi. Dukani kwake mlijaa majembe, tupa na mapanga. Alipouona mguu wa ng'ombe ukichungulia kwenye mfuko, akaweka mkono kiunoni.

"Shikamoo baba. Anayenunua kiatu huja na mguu. Wewe umekuja na mguu, lakini si wako."

"Marahaba. Husna ndiye kanituma hivi."

"Husna ana akili. Nipe hilo la zamani." Akaligeuzageuza. "Na hiki kitambaa?"

Hafidhi akakigusa kitambaa. "Nauhifadhi mpini. Ulikuwa wa mke wangu."

"Pole baba." Mektilda akaacha kucheka. "Panga hili si baya. Lilikuwa lake. Lilikaa kwenye mkono mdogo wa mtu anayejua kulinoa. Mkono wako hautoshi hapa. Na kitambaa ndicho kinachotaka kuua watu. Kinakunywa mafuta, kinazunguka. Halafu kinaoza, uchafu unaingia kwenye nyama. Mpini wa panga hauvalishwi nguo."

Akashusha mapanga matatu, akaweka kongoro juu ya gogo la pale dukani.

"Anza na hili."

La kwanza lilikuwa refu na jembamba. Hafidhi akapiga. Panga likaruka juu, mkono wote ukatetemeka.

"Hilo la majani," Mektilda akasema. "Chuma chake chembamba. Kwenye mfupa linadunda, na maumivu yanarudi kwako. Sasa hili."

La pili lilikuwa zito, linang'aa, lina mpini wa plastiki mweusi. Hafidhi alilipenda kwa macho. Akataka kulipa papo hapo.

"Ngoja baba, usinunue kwa macho. Chovya mkono kwenye ndoo kwanza. Wewe unafanya kazi na maji na mafuta, halafu unajaribu panga na mkono mkavu?"

Akachovya. Akapiga mara moja, mpini ukateleza. Akapiga tena, akahisi kitu kinamfinya kiganjani.

"Umeona? Mpini ni laini kama sabuni. Umenyooka mpaka mwisho, hauna pa kuuzuia mkono. Na hii misumari iliyoshika mpini imechomoza. Leo inakufinya, wiki ijayo ni kidonda. Haya, shika hili."

La tatu halikuwa refu. Halikung'aa. Bapa lake lilipanuka kuelekea mbele. Mpini wa mti ulikuwa mnene kiasi, na mwisho wake umevimba na kupinda kidogo.

"Funga mkono. Ncha za vidole zimefika wapi?"

"Zinakaribia kiganja."

"Hazikichomi?"

"Hapana."

"Hapo sawa. Zikikichoma, mpini ni mwembamba. Zikikaa mbali, ni mnene. Sasa angalia huku mwisho. Unaona chuma?"

"Naona. Kimepita mpini mzima."

"Ndiyo. Chuma kikiishia katikati, siku moja bapa litachomoka na kuruka. Pitisha dole kwenye misumari."

"Siisikii."

"Imesawazishwa. Haya, piga. Usilibane, lishike kama unavyomshika mtoto mkono barabarani. Hutaki akuponyoke, hutaki kumuumiza. Uzito uko mbele, acha panga lenyewe lifanye kazi. Na mkono wa kushoto uweke mbali. Ukishalilaza kongoro, liachie."

Hafidhi akapiga. Ko. Panga likazama. Ko. Kongoro likaachana vipande viwili, safi, bila kokoto.

Akautazama mkono wake. Haukutetemeka.

"Na usivunje katikati ya mfupa," Mektilda akaongeza. "Tafuta kiungo. Gogo lako liweke juu ya gunia lililolowa, lisitembee. Na hii tupa, baba, ni ya kunolea kila ukianza kazi. Panga butu ndilo linalokata watu, kwa sababu mwenyewe analilazimisha."

Jioni ile Hafidhi alikaa uani na mapanga mawili. Alitandika gunia chini ya gogo. Alinoa. Kisha akalichukua panga la mkewe, akaukunjua ukanda wa khanga polepole. Ulikuwa mgumu kwa mafuta, unanuka. Ndani yake mti ulikuwa umeanza kuwa mweusi.

Akauosha mpini, akaufuta. Kibonde kilikuwapo. Akaweka dole gumba lake. Halikuenea. Akaliacha hapo kidogo, vivyo hivyo.

Kisha akachukua ndimu, akaikata kwa panga hilo. Kwa ndimu panga lile halikuhitaji nguvu. Tangu siku hiyo hilo ndilo la ndimu, na mpini wake uko wazi.

Akaanza makongoro. Ko. Ko. Akapumzika. Ko. Ko.

Siku ya kwanza Husna alichungulia tu kutoka ukumbini. Siku ya pili alisimama mlangoni na ungo mkononi. Wapangaji wengine hawakulileta tena neno la kukatia kwingine. Barazani Abdulatif alimaliza bakuli lake, akapitisha ulimi kwenye meno.

"Mzee, kokoto zimeisha. Umehamia machimbo gani?"

Ijumaa Sabaha alipiga simu wakati baba yake yuko kazini; akaipokea kwa spika, akailaza kando, akaendelea kukata.

"Baba, mlio gani huo? Umepata mtu wa kukukatia?"

"Ni mimi."

"Mbona unapiga mara mbili tu? Kama mama."

Hafidhi akalipiga kongoro tena. Sabaha akasikiliza. Siku ile hakumwambia baba yake habari ya kuhamia Tanga.

Simu ilipokatwa, Hafidhi akasikia kitu kikiburutwa kwenye sakafu ya ukumbi. Hakugeuka. Akaendelea na kazi.

Ko. Ko.

"Mzee," sauti ya Husna ikasema nyuma yake, huku kigoda kikitua mahali pake, "sogeza hiyo ndoo. Unanizibia mwanga."