Kitalu cha Semeni Chahamia Mahali Pake

Kinole watu huamka na ukungu mlangoni. Semeni alikuwa ameshamwagilia nusu ya miche yake ya karafuu pale simu ilipolia.

"Mama, tumefika. Tuko hapa sokoni Morogoro, tumezunguka mpaka tumechoka. Kitalu chako kiko wapi?"

"Sokoni? Mimi niko Kinole, baba. Huku mlimani."

"Ramani ya simu inasema sokoni." Akakata.

Huyo alikuwa mteja wa nne kupotea wiki ile. Semeni akatazama miche yake elfu moja. Mizizi ilikuwa imeanza kutoboa viriba, ile mifuko midogo ya udongo. Masika yakaribia. Wakulima wakishapanda ya wengine, yake itafia humo humo, na kazi ya mwaka mzima iende na maji.

"Ulisema ramani italeta wateja," mumewe Mwinjuma akamtania. "Imewaleta. Kwa wauza nyanya."

"Cheka tu. Kwani unamwagilia wewe?"

Mchana akapita Editha, bibi shamba wa kata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kwenye kitalu kisichoonekana."

Semeni akamsimulia yote. Editha akauliza, "Ulijisajili kwenye ramani ukiwa wapi?"

"Mjini. Huku mtandao wa kubahatisha. Nilisubiri siku ya kupeleka ndizi, nikajaza pale pale sokoni. Simu ikauliza, nitumie mahali ulipo sasa? Nikakubali. Si ndipo nilipokuwa?"

Editha akatabasamu. "Ulijibu kweli, mama. Ila simu ilitaka kujua kitalu kilipo, siyo wewe ulipo."

"Acha ibaki mjini," Mwinjuma akasema. "Mjini ndiko kwenye watu."

"Hapana, baba. Mtu akitafuta miche, simu hutazama yeye yuko wapi, kisha humwonyesha zaidi vilivyo karibu naye. Mkulima wa hapo jirani Mkuyuni akitafuta leo, simu inaona kitalu chenu kiko mbali. Inampa cha mwingine. Na wa mjini anasumbuka bure."

Akaishika simu. "Na hapa umeandika 'Semeni Tumshukuru Mungu' tu."

"Si jina la biashara?"

"Jina zuri. Lakini mwenye shida ya miche haandiki hivyo. Anaandika 'miche ya karafuu'. Hakuna mahali uliposema unauza nini."

Wakapanda hadi kwenye mwinuko ambako mtandao hushika. Editha akafungua ramani yenye picha ya kutoka angani.

"Usikubali tena mahali uliposimama. Tafuta paa lako."

Semeni akalitafuta polepole. Akaisogeza alama kwa kidole mpaka ikatua kwenye kitalu. Wakajaza aina ya biashara, kitalu cha miche. Wakaandika karafuu na mdalasini, kijiji, namba ya simu na saa za kazi. Wakaweka na picha.

"Usiandike usichonacho," Editha akasema. "Na wateja wakija, waombe waandike humo kwenye ramani walichokiona kweli."

Baada ya siku chache mabadiliko yakaonekana. Jumamosi gari dogo la mizigo likasimama uani. Akashuka mkulima, Benedikto wa Mkuyuni.

"Umeelekezwa na nani?" Semeni akauliza.

"Sijauliza mtu. Nimeandika miche ya karafuu, simu ikanileta mpaka hapa."

Akapakia mia tatu. Wengine wakafuata. Mvua ya kwanza iliponyesha, ilibaki miche arobaini tu. Semeni akaamua kuipanda mwenyewe nyuma ya nyumba. Mashimo akachimba Mwinjuma.