Usiguse Mguu Wangu

Jumamosi moja ya mwaka wa 1947, stesheni ya Kitale ilijaa magunia ya mahindi mpaka watu hawakuwa na pa kupita. Nyaruai alikuwa akishuka kwenye jukwaa na kiondo cha maharagwe mgongoni. Alivaa gauni la samawati lenye maua meupe na viatu vya kuazima vilivyomzidi kidogo. Kisigino kiliteleza, mguu ukapinda, akaangukia gunia.

Kabla hajainuka, mwanamume mrefu aliyevaa koti la jeshi alikuwa ameshapiga magoti mbele yake, amemvua kiatu, na kidole gumba chake kimezama katikati ya unyayo.

Kofi likalia. Wapagazi wakasimama kutazama.

"Usiguse mguu wangu! Nani amekutuma?"

"Si ni mguu wako umenituma! Umepinda, unataka niuangalie tu?"

"Kwani wewe ni daktari?"

"Mimi ni Wabwile wa Bungoma. Sasa simama."

"Sisimami."

"Simama, dada, ama ulale hapo mpaka gari moshi likuje."

Nyaruai alisimama ili apate kumtukana vizuri. Mguu uliuma kidogo tu, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Alinyakua kiatu chake akaondoka bila asante, watu wakicheka nyuma yake.

Hasira hiyo aliibeba mpaka nyumbani, mahali paitwapo Kwanza, katika shamba la mzungu ambako Nderitu, baba yake, alikuwa ameshika plau ya ng'ombe tangu ujana. Sasa nyayo za mzee zilikufa ganzi asubuhi na kuwaka moto jioni. Mzungu alikuwa amesema wazi kwamba asiyeweza kulima msimu ukianza, aache nyumba na kibustani chake.

Jumamosi iliyofuata Nyaruai alirudi stesheni. Alimkuta Wabwile akipakia magunia, jasho likimtiririka.

"Nifundishe ile kazi ya miguu."

Wabwile alicheka. "Wewe si ndiye ulinipiga kofi?"

"Na nitakuongeza lingine ukikataa. Ni baba yangu mgonjwa."

Hapo Wabwile aliacha kucheka. Akaweka gunia chini.

Kila Jumapili baada ya kanisa, alitembea mpaka kwa Nderitu. Alieleza alivyoupata ujuzi huo. Vitani Burma mvua ilimwozesha miguu ndani ya buti, akapelekwa hospitali ya jeshi. Huko kulikuwa na mzee wa Siamu, nchi ambayo siku hizi watu huiita Thailand, aliyekuwa ametoroka kazi za lazima za Wajapani na sasa akifua shuka za wagonjwa. Mzee huyo alimkanda miguu kila siku mpaka akatembea, kisha akamfundisha kuwakanda wenzake, kwa ishara na maneno machache ya Kihindi.

Wabwile alikuwa mwalimu mkali. Kwanza maji ya moto, kisha mafuta, kisha viganja. Baadaye kidole gumba kinapanda polepole kutoka kisigino mpaka kwenye vidole, na mwisho kijiti laini cha mti cha kubonyezea pale kidole kisipofika.

"Unakanda ugali? Huo ni mguu wa mtu!"

"Nabonyeza vile umesema!"

"Unabonyeza na mkono. Egemea, uzito utoke mwilini. Sasa ngoja mzee apumue. Kalibu... hapo, hapo!"

"Ati 'kalibu'! Sema karibu."

"Na wewe unayesema 'mrango' je?"

Nderitu alifumba macho akajifanya amelala. Walipoachana jioni kwenye njia ya mahindi, Wabwile aliishika ile mikono iliyonuka mafuta ya ng'ombe. "Mpenzi," alisema, "hii mikono imenishinda mimi mwalimu." Nyaruai alimwambia aache upuuzi, lakini hakuiondoa.

Mzee akaanza kutembea bila fimbo. Habari zikaenea, watu wakaja kutoka Kwanza, wengine Endebess. Jumapili moja Wabwile alifika mapema, akamkuta Nyaruai ameketi kwenye kigoda, mguu wa mwanamume mwenye nguvu ukiwa juu ya mapaja yake. Alikuwa Kipruto, mwendesha mkokoteni, naye alikuwa akisema kwa raha, "Mikono kama hii mtu angekaa nayo nyumbani siku zote!"

"Nilikufundisha kwa sababu ya baba yako!" Wabwile alinguruma mlangoni. "Si kwa sababu ya kila mwanamume mwenye miguu!"

Nyaruai hakuinuka. "Kwani mikono uliniazima? Unataka nikurudishie?"

"Hawa watu wanacheka mimi!"

"Basi nenda mahali hawachekangi."

Angeweza kumwambia kwamba Jepkemboi, mke wa Kipruto, alikuwa nyuma ya nyumba akilisha ng'ombe wa mkokoteni. Ingetosha. Lakini aliona hana sababu ya kuleta shahidi kwa mtu aliyepaswa kumwamini, akaendelea kukanda. Wiki hiyo hiyo Wabwile aliomba kuhamishwa, akapelekwa stesheni ya Bungoma.

Mvua za kwanza zilipokaribia, Nderitu alikanyaga msumari shambani. Siku mbili baadaye Nyaruai alimsihi Mukhisa, karani wa stesheni, mpaka akamfungulia simu ya reli.

"Wabwile? Ni Nyaruai. Sikupigi kwa mapenzi."

"Hata mimi sikuulizi mapenzi."

"Mguu wa baba umevimba, una moto, na mstari mwekundu unapanda. Nibonyeze wapi?"

"Usiubonyeze! Usiguse kabisa!"

"Hata kwa simu unanikataza?"

"Nyaruai, hiyo ni sumu, ukikanda utaisukuma ndani! Nimeona watu wakifa hivyo! Mpeleke hospitali saa hii, mama, nakuomba —"

Simu ilikatika. Wabwile hakujua kama Nyaruai amesikia au amekasirika tu. Aliacha kofia yake mezani, akadandia lori la magunia lililokuwa likitoka, na njia nzima kupitia Kimilili alimgombeza dereva kwa mwendo wake.

Alipofika Kitale alienda moja kwa moja hospitalini. Nje, chini ya dirisha la wodi, alimwona Kipruto karibu na mkokoteni wake, na mwanamke mjamzito akimpa maji ya kunywa.

"Huyu ni bibi yangu," Kipruto alisema bila kuulizwa. "Hata ile siku alikuwako. Tumemleta mzee kwa mkokoteni."

Nyaruai alitoka wodini, macho mekundu, kitambaa kimelegea kichwani.

"Wamepasua, usaha umetoka. Mguu utabaki. Lakini hatalima msimu huu, na mzungu ameshatwambia tuhame." Kisha sauti ikapanda. "Umefuata nini? Mke wa Kipruto umemwona?"

"Nimemwona."

"Ungeuliza! Ulikuwa na mdomo wa kupiga kelele, wa kuuliza ukakosa?"

"Na wewe ungeniambia!"

"Sikuambii! Uniamini ama uniache!"

Wabwile alivua koti, akalikunja, akalikunjua tena.

"Tuna shamba Bungoma. Kuna pa kujenga nyumba ya mzee. Nataka kukuoa, na mzee aje na sisi."

"Nije nifiche mikono huko? Nikikuja, nitakanda yeyote mwenye maumivu, awe mzee, awe kijana. Na mama yako akisema, wewe ndiye utamjibu."

"Nitamjibu."

"Na ukinuna?"

"Nitanuna. Lakini nitanuna nikiwa kwako, sitahama tena."

Dirishani sauti dhaifu ya Nderitu ilisikika. "Nyaruai, mjibu huyo mtu. Hapa kuna wagonjwa."

Nyaruai alikifunga kitambaa chake upya, kwa hasira.

"Nimekubali," alisema. "Na ujue bado nimekasirika."

Akamshika mkono, akamvuta ndani kwa baba yake.