Fimbo ya Ainsbeck

Siku Hester Ackroyd alipomchafua Rowland Metcalfe shati, stesheni ya Ainsbeck ilikuwa imefurika watu hadi wengine wanakunywa chai wakiwa wamekalia masanduku yao. Ilikuwa Jumamosi ya sikukuu ya magarimoshi. Injini nne za mvuke zilikuwa zikipanda na kushuka bonde tangu asubuhi, na nusu ya mji wa Leeds ilikuwa imekuja kuziona, na mbwa wao, na bibi zao, na kamera zao. Hester alikuwa kwenye foleni ya chai, kashika birika la bati la dereva wa injini yake. Ovaroli yake ya buluu ilikuwa imepauka magotini, shingoni kafunga kitambaa chekundu, na uso wote ni masizi, macho tu ndiyo yaliyosalimika. Mtu wa nyuma akamsukuma, naye akajishikiza kwenye kitu cha kwanza alichokikuta, nacho kilikuwa kifua cha mtu.

Kifua chenyewe kilivaa shati jeupe pe, lililopigwa pasi, na juu yake kizibao cheusi chenye vifungo vya shaba. Hester alipoondoa mkono, vidole vyake vitano vilibaki pale pale.

"Yesu wangu! Samahani sana, kaka."

"Usijali, dada. Shati lenyewe nilikuwa silipendi."

"Umelinunua lini?"

"Jana."

Hester akacheka mpaka birika likagonga kaunta. Yule kijana alikuwa mrefu, nywele nyekundu, na viatu vilivyong'aa kiasi cha mtu kujitazama.

"Wewe ndiye unayekaa kule juu, kwenye kibanda cha ishara za magarimoshi?"

"Ndiye. Na wewe ndiye uliyepita hapa saa tatu na moshi mweusi kama nyumba inaungua?"

Hapo akamgusa penyewe. Mchochea moto anayejua kazi yake hatoi moshi mweusi. Moshi mweusi ni makaa yaliyotupwa ovyo, ni aibu inayoonekana bonde zima. "Makaa yalikuwa mabaya!" Hester akafoka.

"Kila mchochea moto huniambia hivyo."

"Basi nitazame nikirudi saa sita. Ukiona moshi mweusi, nakununulia shati jipya."

Saa sita alirudi na moshi mwembamba, mweupe, usiozidi wa kikombe cha chai. Rowland alisimama dirishani kibandani akavua kofia. Hester alijifanya hakuona, lakini alitabasamu mpaka Holmgate, stesheni ya mwisho bondeni, na dereva wake, mzee Clem Barraclough, akamuuliza kama meno yanamuuma.

Mapenzi yakaanza hivyo. Siku za kazi wote walikuwa Leeds: Hester akipima watu macho katika duka la miwani, Rowland akigawa barua. Jioni walitembea kando ya mfereji, yeye kavaa gauni lake la kijani na hereni, Rowland akimshika mkono na kuchunguza kucha zake.

"Bado kuna makaa humu, mrembo wangu."

"Hayatoki. Ukinitaka mimi, unanichukua na makaa."

"Nakutaka na makaa yako."

Lakini Jumamosi na Jumapili, siku ambazo wapendanao wengine hulala hadi jua liwake, wao walikuwa relini, kila mmoja mahali pake. Wote katika reli ile ya makumbusho walifanya kazi kwa kujitolea, na hakuna mwajiriwa niliyewahi kumwona akijituma namna ile. Hester aliingia bandani saa kumi na moja alfajiri. Aliingia kwenye tanuru kwa tumbo, akakwangua majivu ya jana, akatoka, akawasha kuni na matambara ya mafuta, kisha akalisha makaa kidogo kidogo kwa saa nne, maana boila ya chuma haiharakishwi. Ukiilazimisha inapasuka mishipa. Mzee Clem alikaanga nyama ya nguruwe juu ya koleo lililooshwa kwa maji ya moto, wakala na mkate, mikono ikinuka mafuta. Miaka miwili Hester alikuwa amesugua injini za wenzake na kujifunza kuchochea moto chini ya mzee Clem. Sasa kilibaki kitu kimoja alichokitaka kuliko vyote: kupita mtihani na kuitwa mchochea moto kamili, jina lake liandikwe kwenye ubao wa banda, chini ya majina ya wanaume arobaini.

Wiki moja kabla ya mtihani simu ililia, Hester akiwa anakausha nywele.

"Laazizi, Jumamosi unafanya nini?"

"Niko kazini, kama wewe. Na nikipita mtihani, nitakuwa kazini Jumamosi zote mpaka uzeeni."

"Laiti ungefeli basi, angalau nikuone mchana," Rowland akasema, akicheka.

Hester naye akacheka. Ulimi hauna mfupa, na siku ile neno lile lilipita bila kumkwaruza mtu.

Siku ya mtihani mkaguzi, Bwana Illingworth, alipanda injini na daftari lake jeusi na mdomo uliofungwa. Injini ilikuwa ipande peke yake, bila mabehewa, kutoka Holmgate, ipite Ainsbeck hadi Scarhead, ikachukue mabehewa huko. Hester alikuwa ameipangusa taa nyekundu ya nyuma, akaijaza mafuta, akaiwasha. Ndipo akakumbuka kutazama maji kwenye kioo cha boila mara ya pili, akaiweka taa juu ya benchi. Maji yalikuwa sawa. Taa ilibaki benchini.

Walipanda vizuri. Moto ulikuwa mwembamba na mweupe, mvuke umesimama pale pale unapotakiwa. Ainsbeck Rowland aliwapa fimbo ya ruhusa ya njia, na injini ilipoondoka Hester alimpungia mkono, naye hakupunga. Alikuwa anatazama nyuma ya injini.

Scarhead wakakuta mkono wa ishara umelala: simameni. Mtu wa kibanda cha kule akawateremkia. "Mwenzangu wa Ainsbeck amenipigia kengele tisa. Yaani mmepita bila taa ya nyuma."

Kila garimoshi lazima livae taa nyekundu kwenye kitako chake cha mwisho. Mtu wa ishara asipoiona taa hiyo, ni lazima aamini kwamba kuna behewa limekatika na limesahaulika njiani, na asimamishe kila kitu. Bwana Illingworth alishuka, akazunguka nyuma, akarudi, akafunga daftari lake.

"Moto wako ni mzuri, binti. Rudi baada ya miezi minne."

Jioni ile Hester alipiga simu kabla hata ya kuvua buti.

"Injini moja, Rowland! Moja! Haikuwa na behewa hata la kusingiziwa. Nini kingekatika, moshi?"

"Hester, nisikilize, mpenzi—"

"Ungeweza kunipigia mimi. Ungeweza kufumba jicho moja!"

"Siwezi kufumba jicho. Kazi yangu yote pale ni jicho."

"Ulitaka nifeli. Ulisema mwenyewe."

"Ilikuwa masihara!"

"Basi umepata ulichochekea. Jumamosi zako hizo, kaa nazo."

Akakata. Rowland alipiga mara sita. Mara ya saba alituma ujumbe: *Sitaomba radhi kwa kile nilichoandika kwenye daftari la kibanda. Kwa masihara yangu naomba radhi hadi nife.* Hester aliusoma mara nyingi kuliko anavyokubali, lakini hakujibu.

Dukani habari zilifika, kwa maana dunia ni ndogo. "Mpima macho asiyeona taa!" wenzake wakamtania. Alicheka nao, kisha akaenda kulia chooni. Alirudi kusugua injini na kuchochea moto kama mwanafunzi. Miezi minne alipita Ainsbeck akinyoosha mkono kupokea fimbo bila kumtazama anayempa, na Rowland alimpa bila kusema zaidi ya jina la njia. Mzee Clem akachoka.

"Nyie wawili mnanitia baridi, na mimi nimekaa kando ya tanuru," alisema. "Mwanangu, yule bwana alikukosea nini hasa?"

"Aliniumbua."

"Taa iliyosahauliwa ilikuwa yake au yako?"

Hester akatupa koleo la makaa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Moshi ukatoka mweusi.

Mtihani wa pili uliangukia sikukuu ya magarimoshi tena, mwaka mzima tangu siku ya shati. Stesheni ya Ainsbeck ilikuwa imejaa vilevile, bendera zimetundikwa, bendi ya tarumbeta inapiga. Hester alikuwa amefunga kitambaa kipya shingoni. Taa ya nyuma alikuwa ameikagua mara nne, na Bwana Illingworth alikuwa amemwona kila mara.

Pande zote mbili za Ainsbeck reli ni moja tu, ya kwenda na kurudi, na kwa hiyo kuna fimbo. Ni fimbo ya shaba, imechongwa jina la kipande cha njia, na ipo moja tu kwa kila kipande. Asiyeishika haingii, hata awe nani. Fimbo ya Holmgate hadi Ainsbeck unamkabidhi mtu wa ishara. Yeye anakupa ile ya Ainsbeck hadi Scarhead. Garimoshi la kutoka Scarhead lilikuwa limeshafika na kusimama ng'ambo ya jukwaa, likisubiri fimbo ya Hester ili literemke Holmgate.

Rowland alikuja mbio katikati ya umati, fimbo ya wale wa Scarhead mkono mmoja. Akapokea ya Hester kwa mkono wa pili. Mtoto wa mtu akalia, tarumbeta ikapaa, na Hester, kwa mara ya kwanza katika miezi minne, akamtazama usoni. Alikuwa amekonda. Shati lake lilikuwa jeupe, na mahali pa kifua palikuwa na kivuli cha vidole vitano ambavyo sabuni haikuweza kuvimaliza.

Rowland naye akamtazama. Kisha akampa fimbo.

Hester aliijua kwa kiganja kabla ya kuisoma. Ilikuwa bado na joto la mkono wake mwenyewe. *Holmgate – Ainsbeck.* Alikuwa amerudishiwa ileile aliyoitoa.

Bwana Illingworth alikuwa amegeuka, anatazama bendi. Mzee Clem alikuwa na mkono kwenye kidhibiti cha mvuke, anangoja neno. Garimoshi la Scarhead lilikuwa pale pale mbele ya macho yao, limesimama. Njia iliyo mbele ilikuwa tupu na kila mtu aliona. Ilitosha kuinama, kubadilishana fimbo kimyakimya, kukonyeza jicho, na hakuna ambaye angejua. Kibanda cha ishara kilikuwa maisha ya Rowland. Hester akisema kwa sauti, Rowland atatolewa.

Nini kingegongana? Moshi?

Akasikia sauti yake mwenyewe ya miezi minne iliyopita, akaona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Akainua fimbo juu, waione wote.

"Holmgate, Ainsbeck!" akasoma kwa sauti kubwa. "Hii siyo njia yetu. Dereva, usiondoe. Mtu wa ishara, umenipa fimbo isiyo yangu."

Bwana Illingworth akageuka. Rowland akaitazama fimbo iliyobaki mkononi mwake, rangi ikamtoka. Kisha, Hester aliapa baadaye kwamba ndivyo ilivyokuwa, akanyooka, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ni kweli," akasema, naye kwa sauti. "Nimekosea mimi. Pokea hii. Soma."

"Ainsbeck, Scarhead."

"Sahihi. Naenda kuandika."

Hakungoja kuambiwa. Alipanda ngazi za kibanda, na kupitia dirishani watu wa jukwaani walimwona akifungua daftari kubwa, akiinama, akiandika kosa lake kwa mkono wake, saa nne na dakika kumi na mbili. Hester alimtazama. Hakuwahi kujivunia mtu namna ile, hata yeye mwenyewe.

Huko Scarhead, Bwana Illingworth alifungua mdomo wake mgumu. "Wengi hupokea fimbo bila kuisoma, hasa wakiipokea kwa mtu wanayempenda. Umepita, Bi. Ackroyd."

Rowland aliondolewa kibandani kwa wiki tatu, asome kanuni upya na kutahiniwa. Jumamosi iliyofuata Hester aliingia Ainsbeck, jina lake likiwa la arobaini na moja ubaoni, akamkuta amesimama ukingoni mwa jukwaa kama abiria, na shati jipya jeupe na vikombe viwili vya chai.

"Unanipongeza au unanilaumu?" Hester akauliza kutoka juu ya injini.

"Nimekuja kumwona mwanamke aliyenifukuzisha. Mzuri sana, wallahi, hata na masizi."

"Niliumia kukusema, Rowland."

"Mimi niliumia kukusema wewe. Sasa tumelipana." Akampa chai. "Na ona, nimefeli mimi, Jumamosi nimezipata. Wewe ndiye huna."

"Sina hata moja mpaka Krismasi."

"Basi nioneshe lini kuna nafasi, tufunge ndoa."

Mzee Clem akadondosha mkate. Mtu wa ishara wa siku ile alikuwa amekuja na fimbo, amesimama mkono umenyooka, hajui atazame wapi. Hester aliipokea, akaisoma herufi kwa herufi, ingawa moyo ulikuwa unampiga hadi masikioni.

"Ainsbeck, Scarhead. Sahihi, dereva." Kisha akainama kutoka kwenye injini. "Rowland Metcalfe, jibu ni ndiyo. Liandike daftarini."

"Wamenipokonya daftari, mpenzi."

"Basi simama karibu."

Akasimama karibu. Hester akaukandamiza mkono wake wa makaa, vidole vyote vitano, katikati ya shati jipya, akauacha hapo mpaka Clem alipopiga filimbi. Kisha garimoshi likaondoka Ainsbeck, taa ya nyuma ikiwaka, moshi mweupe na mwembamba, na Rowland akavua kofia.